Kufungua na Kurekebisha Tundu la AUX kwenye Dashibodi ya Gari

Katika magari yanayotoka Arusha kwenda Ngorongoro na Serengeti na kurudi, tundu la AUX, yaani la kuchomekea waya wa sauti kutoka kwenye simu, huchoka mapema kuliko redio yenyewe, kwa sababu vumbi jembamba hupenya hadi kwenye visahani vya shaba vilivyo ndani yake, na mtikisiko wa barabara hulegeza viungo vya risasi vinavyoshikilia miguu ya soketi. Dalili zake ni sauti ya upande mmoja, mkwaruzo pini inapoguswa, au redio kukataa kabisa kutambua kwamba kuna kitu kimechomekwa. Hasara huwa kubwa zaidi kwa mwenye gari lililotoka Japani, ambalo redio yake ya FM iliundwa kwa masafa yanayoanzia megahezi 76 na mara nyingi kukomea 90, ilhali vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Bila AUX, redio hiyo hubaki pambo tu.

Kabla ya kugusa dashibodi, hakikisha kwamba ubovu uko kwenye tundu. Jaribu waya mwingine na simu nyingine, kisha sikiliza kituo cha FM au CD ili kuona kama spika zote zinalia. Zikilia zote, zima gari na usafishe tundu kwa spiriti kidogo kwenye kijiti chembamba cha pamba. Matundu mengi yanayodhaniwa kufa huponea hapo.

Kama kazi bado ipo, toa ufunguo, fungua kichwa cha betri chenye alama ya kutoa kwa spana namba 10, na usubiri dakika kadhaa. Toyota huelekeza kusubiri angalau sekunde 90, kwa kuwa mfumo wa mifuko ya hewa ya usalama huhifadhi umeme kwa muda hata betri ikiwa imefunguliwa. Soketi na nyaya za rangi ya manjano utakazokutana nazo ni za mfumo huo. Usizipime wala kuzichomoa. Baadhi ya redio, hasa za magari ya Ulaya, hudai namba ya siri umeme unaporudi, kwa hiyo itafute namba hiyo mapema.

Kifuniko cha plastiki kinachozunguka redio hushikwa na vibanio, na asubuhi za baridi za Juni na Julai plastiki hiyo hukakamaa na kuvunjika upesi, kwa hiyo ni busara kuliacha gari juani kwanza. Tumia kipande cha plastiki ngumu badala ya bisibisi, na kitu kikigoma usikilazimishe, kwani karibu kila mara kuna skrubu iliyojificha. Ukikuta tundu limeungwa moja kwa moja kwenye bodi ya redio, ushauri wangu ni kuitoa redio nzima na kuipeleka kwa fundi wa redio, kwa sababu kulehemu kwenye bodi hiyo si kazi ya kujifunzia. Maelezo yanayofuata yanahusu tundu lililo peke yake, lenye nyaya zake zinazoelekea nyuma ya redio.

Piga picha ya nyaya kabla ya kuzikata, wala usiamini rangi zake, kwani hutofautiana kati ya gari na gari. Kwenye pini ya kawaida ya milimita 3.5, ncha ni upande wa kushoto, pete ya kati ni upande wa kulia, na sehemu ya chini ni ya kurudishia umeme. Chomeka pini tupu, weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye sehemu ya kupima mwendelezo wa waya, na uandike kila sehemu ya pini inaishia kwenye waya upi.

Ukikuta waya wa nne au wa tano, huenda ni wa swichi ya utambuzi, na hapa ndipo wengi hukwama. Ndani ya soketi nyingi mna swichi ndogo inayoiarifu redio kwamba pini imeingia. Pini ikiingia, katika baadhi ya magari ncha za swichi hiyo huachana, katika mengine hugusana. Pima nyaya hizo pini ikiwa ndani na ikiwa nje, kisha ununue soketi mpya inayofanya vivyo hivyo, la sivyo redio itaendelea kukataa AUX hata sauti ikiwa imeungwa vizuri.

Unapokata, bakiza kama sentimita 15 za nyaya za asili upande wa redio. Tumia waya wa sauti wenye wavu wa kinga, visha waya mpira unaosinyaa kwa joto kabla ya kulehemu, na usishikilie joto kwenye mguu wa soketi zaidi ya sekunde 3, maana plastiki yake huyeyuka. Kwa gari la vumbi, mimi ningelihamishia tundu jipya ndani ya droo ya dashibodi na kulifunika kwa kizibo cha mpira.

Anayetaka kipokezi cha Bluetooth aunge nyaya zake za sauti mahali pa soketi, na nyaya za swichi aziache katika hali iliyokuwapo pini ilipokuwa ndani. Kipokezi kinachotumia volti 5 kinahitaji kipunguza umeme, chenye fyuzi ndogo, kwenye waya unaopata umeme ufunguo unapofunguliwa. Pima volti kwanza, kwani baadhi ya mabasi madogo ya Toyota Coaster, kwa mfano, hutumia volti 24. Spika zikianza kuvuma kwa mlio unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini, umeme wa kurudi umepata njia mbili. Weka kitenganishi cha sauti chenye transfoma ndogo kati ya kipokezi na redio.

Rudisha betri na ujaribu pande zote mbili za sauti kabla ya kubana vifuniko, kisha funga nyaya kwa sponji ili zisigonge plastiki gari likiwa barabarani.