Somo: Kutoa grisi na kaboni kwenye silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na kava za aluminiamu

Wakuu, habari za kazi. Injini ya pikipiki ikishushwa, vijana wengi gereji hukimbilia kostiki soda. Wanaikoroga kwenye maji ya moto, wanatumbukiza kava la klachi, na grisi kweli inatoka. Ila kava linatoka jeusi. Wanadhani ni uchafu uliobaki, wanalirudisha tena humo humo. Naomba tuelewane hapa kabla ya hatua yoyote.

Bloku za chuma za magari ya zamani zilioshwa kwa kostiki bila kudhurika, na mazoea yametoka huko. Aluminiamu inalindwa na ngozi nyembamba sana ya oksaidi. Kostiki inayeyusha ngozi hiyo kwanza, kisha inaanza kula kava lenyewe. Yale mapovu unayoyaona yakichemka ni gesi ya haidrojeni, na inalipuka ikikutana na cheche. Weusi unaobaki ni silikoni, shaba na chuma vilivyochanganywa kiwandani ndani ya aluminiamu: kostiki haiviyeyushi vizuri, kwa hiyo vinabaki juu wakati aluminiamu imeshaondoka. Kava likiwa jeusi, ujue limeshalika. Uso wa gasketi (pale panapobana ile pakiti ya kuzuia uvujaji) ukilika, oili itavuja hata uweke gasketi mpya.

Dawa za kuzibulia sinki na nyingi za kusafishia oveni zina kostiki pia. Ukiuziwa dawa kwenye chupa isiyo na lebo, vaa glavu na miwani, dondoshea tone kwenye kipande cha kava bovu, usubiri dakika chache. Ikitoa mapovu madogo madogo au ikiacha doa la kijivu, achana nayo.

Hatua ya 1: Vua kila kitu. Sili, oringi, valvu na springi zake, vyote vitoke. Weka alama valvu ipi ni ya kuingiza na ipi ya eksozi. Grisi iliyoganda ikwangue kwa kijiti cha mti au kipande cha plastiki. Bisibisi ikae mbali na uso wa gasketi. Mkwaruzo mmoja unaotoka ndani kwenda nje unatosha kupitisha kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda.

Hatua ya 2: Loweka kwenye mafuta ya taa. Fanya kazi hii nje, penye upepo, mbali na jiko, sigara na mashine ya kuchomelea. Petroli usiiguse. Mvuke wa petroli unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na unatambaa chini mpaka ukutane na moto ulio mbali nawe. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kushika moto kwenye nyuzi 38 hivi, kwa hiyo usiyapashe joto wala kuyaanika juani. Vaa glavu za naitraili, kwani zile nyembamba za mpira hulegea haraka kwenye mafuta. Acha saa kadhaa, kisha sugua kwa brashi ya nailoni, na mswaki wa zamani kwenye kona.

Hatua ya 3: Kaboni. Ule ukoko mweusi wa kwenye chumba cha moto (pale petroli inapowakia) uendelee kulowa mafuta ya taa, halafu kwangua kwa kijiti kigumu. Rudia mara nyingi kadiri inavyohitajika. Msasa na diski za grainda hapana: vumbi lake ni gumu kuliko chuma cha beringi, likijificha kwenye njia ya oili litakula krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni.

Hatua ya 4: Sabuni na maji. Sabuni ya maji ya vyombo, maji ya vuguvugu, suuza sana. Vaa miwani, kisha puliza kila njia ya oili kwa kompresa mpaka usikie upepo ukitokea upande wa pili. Siti za valvu (pale valvu zinapokalia) ni za chuma, zipake oili mara moja zisishike kutu.

MASWALI

Swali: Shikamoo fundi. Sina kompresa. Naweza kukausha hedi juu ya jiko la mkaa?
Jibu: Marahaba. Hapana. Mafuta yaliyobaki yatawaka, na hedi inaweza kupinda. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, wala haikuoneshi wekundu wa onyo kama chuma. Ukishaisuuza hedi vizuri, puliza njia zake kwa pampu ya baiskeli, kisha iache hedi juani.

Swali: Mkuu, zile dawa za kopo za kusafishia breki vipi?
Jibu: Zinatoa grisi vizuri, ila soma kopo. Ukikuta tetrakloroethilini, usiitumie kwenye kitu kitakachochomelewa kwa gesi ya argoni. Mabaki yake yakikutana na joto lile yanatoa fosijeni, gesi ya sumu inayoua.

Swali: Kaka, kava langu limeshakuwa jeusi. Niliweke kwenye maji ya betri ling'ae?
Jibu: Usiongeze tindikali juu ya madhara. Lisuuze kwa maji mengi, lisugue kwa sabuni. Weka rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso wa gasketi, mulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukipenya, lipeleke kwa fundi wa mashine alisawazishe. Jaribu pia bolti kwa mkono kama nyuzi (meno) za tundu lake bado zinashika. Vikiwa sawa, weusi wa nje hauna shida, lifunge.

Swali: Mafuta machafu niyamwage wapi?
Jibu: Usimwage mtaroni wala chini. Yaache yatuame kwenye galoni, ya juu utayatumia tena kulowekea. Tope la chini changanya na oili chafu unayowapa wanaokusanya.