Jinsi ya Kuandika Ombi la Ufadhili wa Teknolojia ya Kuboresha Malipo ya Wazee

Ombi zuri la ufadhili huanza na shida ya mlengwa, wala si na programu mnayotaka kuunda. Tuchukue mpango wa Inua Jamii nchini Kenya, ambao huwalipa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi: mzee ambaye alama zake za vidole zimefifia kwa miaka mingi ya kulima anaweza kukataliwa na mashine ilhali jina lake limo kwenye orodha, na safari yake ndiyo mnayopaswa kumweleza mfadhili, tangu anapotoka nyumbani hadi anaporudi mikono mitupu.

Kisha andikeni kitakachobadilika na namna ya kukipima, kwa mfano idadi ya wanaokataliwa kabla na baada ya mradi. Tafuteni mapema barua ya ushirikiano kutoka idara inayosimamia malipo, kwa kuwa mfumo usiounganishwa na orodha ya serikali hauna kazi, hata uwe mzuri kiasi gani.

Bajeti ndipo maombi mengi huharibikia. Tengeni fedha za kuwafunza wahudumu, za ujumbe mfupi kwa simu za kawaida, za matengenezo baada ya ufadhili kwisha, na za tathmini ya athari ambayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaidai pale matumizi ya data yanapoweza kuhatarisha haki za watu. Njia ya karatasi nayo ibaki, na ombi litaje atakayeisimamia, kwa sababu mzee asiye na simu ana haki ileile ya kulipwa.