Kupanda Chaimu, kilima cha volkano Tsavo Magharibi, ukitokea Nairobi

Wengi wetu hapa Nairobi tukisikia volkano tunafikiria Longonot tu, na Longonot ni poa sana, lakini kama unataka kukanyaga kilima kilichojengwa na vipande vya lava vilivyorushwa hewani, shuka Mombasa Road hadi Tsavo Magharibi.

Kwanza toka mapema. Saa kumi na moja alfajiri uwe umeshapita Athi River, malori yakijipanga utakaa hapo. Makindu simama kwa hekalu la Masingasinga, wanalisha wasafiri bure, we acha sadaka tu. Mtito Andei ni kama kilomita 240 hivi na lango la mbuga liko hapo hapo. Kiingilio lipa kwa eCitizen ungali na netiweki.

Pili, uliza renja langoni kama simba au nyati wameonekana upande wa Chaimu. Usiruke hii! Ni moja ya sehemu chache unaruhusiwa kushuka gari, na hakuna fensi.

Tatu, kupanda kwenyewe. Mawe ni meusi, mepesi, yamejaa matundu kama mkaa uliozimwa na maji. Lava ilikuwa na gesi nyingi, ikarushwa juu, vipande vikaganda vikiwa hewani vikaanguka kuzunguka shimo, ndio maana havijashikana na ukipiga hatua mbili unarudi moja. Piga hatua fupi, usikimbie, na tafadhali fuata njia iliyokanyagwa tayari, sababu ukikata kona unabomoa ubavu wa kilima na kule mimea inarudi polepole mno. Hii inaniuma sana nikiona watu wanateremka mbio popote ili wapigwe video. Ikifika saa nne uwe unashuka, yale mawe meusi yanashika joto vibaya.

MASWALI

Treni inafika?
Ile ya asubuhi inayosimama stesheni ndogo inasimama Mtito Andei, lakini ndani ya mbuga hutembei kwa miguu, so panga gari mapema, na iwe imeinuka, barabara ni marram.

Mkuu, imekufa kabisa ama italipuka tukiwa juu?
Chaimu na ile lava ya Shetani jirani ziliwaka katikati ya karne ya 19, kwa miaka ya volkano hiyo ni juzi tu. Sasa hivi imepoa, hakuna moshi, panda bila wasiwasi.

Juu kuna maji?
Hakuna. Mvua ikinyesha vilima vya Chyulu hapo jirani inazama kwenye mawe, inapita chini kwa chini hadi itokee Mzima Springs, hayo ndiyo yanavutwa kwa bomba mpaka Mombasa. Beba lita mbili kila mtu.

Dadangu ana mtoto wa miaka saba, ataweza?
Ataweza, si mbali. Mvalishe suruali ndefu na raba zilizofunika vidole, yale mawe yanakata magoti, na kushuka mshike mkono.