Pothosi yenye mabaka: kutambua tatizo na kulitibu

Pothosi, mmea wa ndani wenye matawi marefu ambao wataalamu wa mimea huuita Epipremnum aureum, na ambao katika aina nyingi majani yake ya kijani huwa na mabaka meupe ya asili, inasifiwa kwa uvumilivu, na sifa hiyo ndiyo huiponza. Mwenye nayo akiona jani moja limegeuka manjano humwagilia zaidi; la pili likifuata huongeza mbolea; la tatu likianguka hukihamishia chungu juani, na mmea uliokuwa na tatizo moja sasa una matatu. Mwongozo huu unapendekeza mwenendo mwingine. Kwanza tazama dalili imejitokeza wapi: ni kwenye majani ya zamani yaliyo karibu na udongo au yale machanga ya nchani, na ni kwenye sehemu ya kijani ya jani au ile nyeupe? Kisha chunguza udongo na mwanga, uchague tiba moja tu, na uipe wiki mbili au tatu kabla ya kujaribu nyingine.

Sehemu nyeupe ya jani haina umbijani, ile rangi ya kijani ambayo kwayo mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga, au inao kidogo sana, na kwa hiyo haijitengenezei chakula bali hulishwa na sehemu ya kijani iliyo jirani yake. Ndiyo maana aina zenye weupe mwingi, kama vile 'Marble Queen' na 'N'Joy', hukua polepole kuliko pothosi ya kijani kitupu, hutumia maji kidogo zaidi, na huhitaji mwanga mwingi zaidi. Kuutunza mmea wa namna hii kana kwamba wote ni wa kijani ni chanzo cha mengi kati ya matatizo yanayofuata.

Majani yanapogeuka manjano au kunyong'onyea

Jani moja la zamani likigeuka manjano mara moja moja, huku ncha za matawi zikiendelea kuchipua, huo ni uzee tu; likate na usifanye kingine. Majani kadhaa yakigeuka kwa pamoja ndipo pa kushuka kwenye udongo. Ingiza kidole kina cha sentimita 3 hadi 5, kisha inua chungu uupime uzito wake. Hatua hii haifai kurukwa, kwa sababu pothosi yenye kiu na pothosi iliyozamishwa majini hunyong'onyea kwa namna inayofanana sana: mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji hata kama imezungukwa nayo. Udongo ukiwa mkavu na chungu kikiwa chepesi, tatizo ni kiu, na kumwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini huuinua mmea kwa muda wa saa chache. Udongo ukiwa umekauka kiasi cha kuacha mwanya kandokando ya chungu, maji hupita pembeni bila kuulowanisha; hapo kitumbukize chungu kwenye beseni la maji kwa nusu saa, kisha ukiache kichuruzike.

Udongo ukiwa umelowa na mmea bado umelegea, usisubiri. Utoe chunguni, uoshe mizizi kwa maji ya uvuguvugu, uikague mmoja mmoja. Mzizi mzima ni mgumu na rangi yake huelekea weupe. Uliooza ni wa kahawia, ni laini, huenda ukanuka, na ukiuvuta kidogo ganda lake huvuka na kubakiza uzi mwembamba. Kata vyote vilivyooza kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti ya asilimia 70, kisha panda upya katika udongo mpya ulio mwepesi, kwa mfano mchanganyiko wa nyuzi za makumbi ya nazi na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano) pamoja na mboji kidogo. Chungu kiwe na matundu, na upana wake usizidi ule wa mizizi iliyobaki kwa zaidi ya sentimita 2 au 3. Chungu kikubwa hubakiza maji ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza, na uozo hurudi. Ikiwa zaidi ya nusu ya mizizi imekwenda, maoni yangu ni kuacha kuhangaika nayo na kuokoa matawi.

Kuokoa tawi ni rahisi mradi ujue pa kukata. Kwenye kila mahali jani linapoungana na shina pana kifundo, na mara nyingi hapo huonekana kinundu cha mzizi wa hewani. Kata chini kidogo ya kifundo, ubakize jani moja au mawili, na uzamishe kifundo majini huku jani likiwa juu. Badilisha maji kila wiki. Mizizi huanza kuonekana kwa kawaida baada ya wiki mbili hadi nne, na ikifikia sentimita 5 hivi kipandikizi kinaweza kuhamia udongoni. Jani lililokatwa na kikonyo chake peke yake, bila kifundo, laweza kukaa bichi majini kwa miezi, hata likatoa mizizi, lakini halina jicho la kuchipusha shina jipya.

Baridi nayo huleta umanjano na madoa meusi yaliyolegea. Mmea huu hupendelea nyuzijoto 18 hadi 29 za Selsiasi, na chini ya 10 huanza kudhurika, kwa hiyo uondoe kwenye dirisha lenye baridi na mbele ya upepo wa kiyoyozi.

Mabaka yanapopotea, au weupe unapozidi

Kwanza pima mwanga. Mchana, weka kiganja juu ya mmea kwa umbali wa sentimita 30. Kivuli chenye kingo kali maana yake jua linaupiga moja kwa moja na litaunguza. Kivuli hafifu chenye kingo zilizofifia ndicho kinachotakiwa. Kivuli kisipoonekana kabisa, mwanga hautoshi. Katika giza, majani mapya hutoka yakiwa ya kijani zaidi, madogo, na yaliyoachana mbali kwenye shina. Usogeze mmea karibu na dirisha hatua kwa hatua, kwa muda wa wiki moja au mbili, kwani jani lililozoea kivuli huungua haraka. Majani yaliyokwisha kufunguka yakiwa ya kijani hayatabadilika; tathmini yale yanayofuata.

Hata hivyo mwanga una mpaka wake. Kila jicho hubeba rangi ya tishu lilikotokea, na tawi ambalo ncha yake imegeuka kijani kitupu mara nyingi litaendelea kutoa majani ya kijani hata likiwekwa penye mwanga mzuri. Tena, kwa kuwa lina umbijani mwingi, hukua upesi na hatimaye huyafunika mengine. Lifuate tawi hilo kurudi nyuma mpaka ufikie jani lenye mabaka ya kuridhisha, uangalie shina lenyewe kama lina michirizi myeupe, kisha ukate mbele kidogo ya kifundo hicho. Chipukizi linalotokea hapo lina nafasi nzuri zaidi ya kurudisha mabaka, ingawa hakuna anayeweza kuliahidi.

Kinyume chake kinawapendeza wengi na ndicho hatari zaidi: tawi linalotoa majani meupe matupu, moja baada ya jingine. Linapendeza machoni, lakini linakula bila kuchangia. Baada ya majani mawili au matatu ya namna hiyo, likate mpaka penye jani lenye kijani cha kutosha.

Weupe unapokuwa kahawia

Sehemu nyeupe huwa ya kwanza kuonyesha shida. Baka la kahawia lililokauka kama karatasi, upande unaotazama dirisha, ni alama ya jua. Ncha na kingo zilizokauka kwenye majani mengi huashiria ukavu wa muda mrefu au chumvi za mbolea zilizorundikana, hasa ukiona utando mweupe juu ya udongo. Pitisha maji mengi polepole chunguni, yafikie mara tatu ya ujazo wa chungu, uyaache yatoke yote, kisha usitie mbolea kwa mwezi mzima. Baadaye, mbolea ya maji iliyopunguzwa nguvu kwa nusu, mara moja kwa mwezi wakati mmea unakua, inatosha. Doa la kahawia lenye unyevu, likizungukwa na pete ya manjano na kupanuka siku hadi siku, huenda ni ugonjwa wa bakteria: ondoa jani zima, tenga mmea, na mwagilia udongo bila kulowesha majani.

Matawi marefu yenye upara

Chungu kikitundikwa karibu na dari, mara nyingi ncha za matawi hupata mwanga wa dirisha huku kitovu cha mmea kikikaa kivulini, na matokeo yake ni kamba ndefu zisizo na majani juu. Shusha chungu, fupisha matawi, na rudisha vipandikizi vyake kwenye udongo uleule ili kuziba mapengo. Tawi lenye vifundo vizima laweza pia kuzungushwa juu ya udongo na kubanwa kwa kibanio cha nywele mpaka litoe mizizi. Ikiwa unachosikitikia ni majani kuwa madogo tu, jua kwamba pothosi ni mpanda miti kwa asili yake, na huko mitini jani lake hukua hata kukaribia mita moja. Likining'inia hubaki dogo, na dawa yake ni nguzo ya kupandia.

Wadudu

Mabaka huwaficha wadudu vizuri. Vitone vidogo vya rangi hafifu vinavyoachwa na utitiri hudhaniwa kuwa sehemu ya urembo wa jani, kwa hiyo geuza jani na utafute utando mwembamba chini yake. Osha mmea wote kwa maji yenye nguvu kiasi, kisha nyunyizia maji ya sabuni laini au mafuta ya mwarobaini jioni, baada ya kujaribu kwenye jani moja. Wadudu wanaofanana na vipande vya pamba kwenye makwapa ya majani hupanguswa kwa pamba iliyolowanishwa spiriti, na kazi hiyo irudiwe kila wiki kwa mwezi mmoja kwa kuwa mayai hubaki. Vijinzi vyeusi vinavyoruka juu ya udongo vinapungua udongo wa juu ukiachwa ukauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine.

Katika kazi zote hizi vaa glavu ikiwa ngozi yako huwashwa, na usiache vipande sakafuni: utomvu wa pothosi una fuwele za kalisi oksaleti, ambazo huchoma kinywa cha mtoto, paka au mbwa anayetafuna jani. Jani lililokwisha kuungua halitapona, wala halihitaji kukatwa maadamu nusu yake bado ni ya kijani, kwa sababu bado linaulisha mmea.