"Memori imejaa": somo la msamiati wa kumbukumbu ya kompyuta

Wanafunzi mnaojiandaa na mtihani, tuanze na neno linalowaponza wengi: memori. Mtaani tunasema "simu yangu memori imejaa", na kile kikadi cha kuchomeka tunakiita memori kadi. Vyote hivyo ni hifadhi. Ukiulizwa kumbukumbu kuu ya kompyuta, jibu ni RAM, na hiyo haijazwi na picha za harusi.

Hatua ya 1: RAM. Umeandika insha kwenye kompyuta ya mezani, umeme ukakatika kabla hujahifadhi. Maneno yaliyopotea yalikuwa ndani ya RAM, kumbukumbu ya muda inayotegemea umeme. Aina iliyoenea zaidi hutunza kila biti (yaani 0 au 1) kama chaji ndogo ndani ya kapasita, kijisehemu kidogo cha kutunzia chaji. Chaji hiyo huvuja, kwa hiyo kompyuta huijaza upya kila baada ya milisekunde 64 hivi. Wazo hilo ni la Robert Dennard wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake (haki ya mvumbuzi) Marekani mwaka 1968. Ukishaelewa kuvuja huku, huna haja ya kukariri kwa nini RAM husahau.

Hatua ya 2: ROM. Hii ni kumbukumbu ya kusomwa tu, na haipotezi kitu umeme ukizimika. Kazi yake ni kutunza maelekezo ya kuwashia kompyuta. Hapa jihadharini na matangazo ya simu: "RAM 4 GB, ROM 64 GB". Hiyo 64 si ROM, ni hifadhi ya flashi, unaandika na kufuta humo kila siku. Muuzaji mtamwelewa, msahihishaji hatawaelewa.

Hatua ya 3: kashe. Ni kumbukumbu ndogo, ya kasi sana, ndani ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Hutunza data inayohitajika mara kwa mara ili prosesa isiisubiri RAM.

Hatua ya 4: vipimo. Biti ni 0 au 1. Biti 8 ni baiti moja. Kwa mfumo wa ASCII kila herufi huchukua baiti moja, basi neno "sukari" ni baiti 6, yaani biti 48. Jaribuni na majina yenu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, flashi yangu imeandikwa 64 GB, kompyuta inaonyesha 59.6. Nimepunjwa?*

Hapana. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows inagawa kwa 1,073,741,824, yaani 1,024 × 1,024 × 1,024. Chukua 64,000,000,000 ugawe mwenyewe, utaipata hiyo 59.6.

*Kompyuta yetu ina Windows ya biti 32. Tumeweka RAM ya GB 8, inatumia tatu na ushee tu. Imeharibika?*

Ni nzima. Kila baiti ya RAM inahitaji anwani, na kwa biti 32 anwani ni 4,294,967,296 tu, sawa na GB 4. Sehemu ya anwani hizo huchukuliwa na vifaa kama kadi ya picha. Wekeni Windows ya biti 64, kama prosesa inaikubali.

*Shikamoo mwalimu. Kama kuna kumbukumbu pepe, RAM ya nini?*

Marahaba. Kumbukumbu pepe ni sehemu ya diski inayoazimwa RAM inapojaa. Diski ni ya polepole mno kulinganisha na RAM, ndiyo maana ukifungua programu nyingi mashine huanza kukwama na taa ya diski haitulii.