Jinsi ya Kufuatilia Pesa za Mradi wa Kaunti Uliokwama

Majuzi nilikaa na akina mama wa chama kimoja hapa magharibi mwa Kenya. Walitaka kujua kwa nini wodi ya kujifungulia katika zahanati yao imekwama kwenye lenta. Walikuwa wameuliza barazani, wakamuuliza na mwakilishi wa wadi, wakapewa ahadi. Hatua tulizofuata ni hizi, na zinafaa Kisumu, Nakuru, Kakamega na kaunti nyingine yoyote.

Hatua ya 1: Jua mwenye mradi

Zahanati, chekechea na masoko ni kazi ya kaunti. Madarasa ya shule za msingi na sekondari mara nyingi hujengwa kwa pesa za NG-CDF, hazina ya serikali ya kitaifa ya maendeleo ya maeneobunge. Ukibisha mlango usiohusika utazungushwa bure.

Hatua ya 2: Tafuta mradi kwenye bajeti

Pakua bajeti iliyoidhinishwa kutoka tovuti ya kaunti, ufungue jedwali la miradi ya wadi. Mradi mnaouita "wodi ya akina mama" huenda umeandikwa "upanuzi wa zahanati", kwa hiyo tafuta kwa majina kadhaa. Angalia pia bajeti ya nyongeza, maana huko ndiko pesa huhamishwa katikati ya mwaka. Mwaka wa kifedha hufungwa tarehe 30 Juni, na mradi ambao haukulipwa unaweza kuandikwa upya mwaka unaofuata. Nakili jina na kiasi jinsi vilivyo.

Hatua ya 3: Soma ripoti mbili

Ripoti ya Msimamizi wa Bajeti inaonyesha kaunti ilipokea kiasi gani, ikatumia kiasi gani, na ina madeni gani. Ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutakiwa kutoka ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa, kwa mujibu wa Ibara ya 229 ya Katiba. Tafuta humo jina la wadi au zahanati yenu. Hata kaunti ikipewa maoni safi, endelea kusoma: maoni hayo yanahusu taarifa za fedha, na miradi iliyokwama hutajwa kwenye kurasa zinazofuata.

Hatua ya 4: Andika barua ya kuomba habari

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Haki yenyewe iko katika Ibara ya 35 ya Katiba, na utaratibu uko katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Taja zote mbili kwenye barua. Andika kwa Kiswahili au Kiingereza. Hulazimiki kueleza sababu ya kuomba, na kuwasilisha ombi ni bure. Unachoweza kutozwa ni gharama ya kunakili. Asiyejua kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, na afisa anatakiwa kumwandikia.

Omba karatasi, usiombe maelezo. Ukiuliza "pesa zetu zilienda wapi?" utajibiwa kwamba mradi unaendelea vizuri. Karatasi ina jina, na ama ipo ama haipo. Mimi huomba hizi: mkataba wa mwanakandarasi, BQ (orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi), vyeti vyote vya malipo pamoja na tarehe zake, ripoti za kamati ya ukaguzi wa kazi, na barua za kuongeza muda. Ukilazimika kuchagua mbili tu, chukua BQ na vyeti vya malipo. BQ inaonyesha kila kitu kilichopaswa kujengwa, vipimo na bei. Vyeti vinaonyesha kilichokwisha kulipiwa. Paa likiwa limelipiwa na jengo liko kwenye lenta, mmepata swali lenu.

Barua moja, mradi mmoja. Ielekeze kwa katibu wa kaunti, na nakala kwa afisa mkuu wa idara husika.

Sasa muhuri. Peleka nakala mbili masjala, wapige muhuri wa kupokea wenye tarehe, nawe uondoke na moja. Siku 21 za kujibu huhesabiwa tangu ombi lilipopokelewa, na bila muhuri mtabishana juu ya tarehe hiyo. Wakikataa kupiga, tuma kwa rejista ya posta na uhifadhi risiti. Barua pepe naiona njia dhaifu, na ujumbe wa WhatsApp kwa mwakilishi wa wadi usiuhesabu kabisa. Wanaweza kuongeza muda mara moja, usiozidi siku 14, ilimradi wakujulishe.

Hatua ya 5: Wakinyamaza

Kimya baada ya muda huo kisheria ni kukataliwa. Una siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala ipitie uamuzi huo. Ina ofisi Kisumu. Ambatisha nakala yenye muhuri.

Hatua ya 6: Mkishapata karatasi

Nendeni kwenye jengo na fundi asiyehusika na kazi hiyo, apime kila kitu akilinganisha na BQ. Msikimbilie kumwita mwanakandarasi mwizi. Vyeti vikionyesha kazi imekubaliwa lakini malipo hayajatoka, basi swali ni la hazina ya kaunti. Vikionyesha malipo ya kazi isiyokuwepo, pelekeni kwa EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, na muwasilishe ombi rasmi kwa karani wa bunge la kaunti, haki mliyopewa na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Toeni nakala tu. Zile mlizopewa na kaunti zibaki kwa mtu mmoja mnayemwamini.