Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Msimu wa Kufuatilia Viraka vya Plazma Katika Anga la Ncha ya Kaskazini

Kiraka cha plazma (gesi yenye elektroni na ioni zilizo huru) ni sehemu ya ionosfea, yaani tabaka la juu la anga lenye gesi hiyo, hasa katika kimo cha kilomita 250 hadi 350, ambayo wingi wa elektroni zake ni angalau mara mbili ya ule wa eneo linaloizunguka, na ambayo upana wake huweza kuwa kati ya kilomita 100 na 1,000. Mwanafunzi au mtafiti anayejiandaa kwenda Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo karibu na Ncha ya Kaskazini, kuvifuatilia viraka hivi kwa kamera na rada, mara nyingi hukabidhiwa kwanza orodha ya vifaa: lenzi, vichujio, diski za kuhifadhia data, mavazi ya baridi. Orodha hiyo ni ya lazima, lakini naamini kwamba maandalizi yaanze mapema zaidi ya hapo, kwa sababu kiraka kinachopita juu ya kamera usiku kilizaliwa saa kadhaa kabla, upande wa pili wa ncha, kutokana na hewa iliyopigwa na jua la mchana. Asiyejua kilivyozaliwa atarudi na picha nzuri asizoweza kuzieleza.

Azingatie basi, kabla ya jambo lolote, chanzo cha plazma yenyewe. Mionzi mikali ya urujuanimno kutoka kwenye Jua hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi za oksijeni, na ndivyo ionosfea ya mchana inavyopata wingi wake. Lakini wakati wa majira ya baridi kitovu cha ncha hakipati mwanga huo kwa wiki nyingi, kwa hiyo plazma nzito inayoonekana pale haina budi kuwa imeletwa. Inayoileta ni nguvu ya upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zenye chaji unaotoka kwenye Jua. Uga wa sumaku unaobebwa na upepo huo unapoelekea kusini, mistari yake huungana na mistari ya uga wa Dunia upande wa mchana, kisha hukokotwa juu ya ncha hadi upande wa usiku, mzunguko ambao mwanafizikia James Dungey aliueleza mwaka 1961. Plazma iliyoshikwa na mistari hiyo hufuata, nayo hujitokeza kama ulimi mrefu unaoingia kwenye eneo la ncha kutoka latitudo za chini zenye jua. Safari ya kuvuka huchukua takriban saa mbili hadi tatu, na plazma hudumu muda wote huo kwa kuwa katika kimo hicho hewa ni nyembamba na ioni za oksijeni hukutana na molekuli chache. Ingekuwa chini ya kilomita 200, ingeisha haraka zaidi.

Swali gumu ni kwa nini ulimi huo, ambao ungetazamiwa kuwa mkanda mmoja usiokatika, huwasili umegawanyika vipande vipande. Hapa ndipo msomaji anapaswa kutumia muda wake mwingi zaidi kabla ya kusafiri, kwa sababu yapo maelezo kadhaa na kila moja linadai kipimo chake. Wanafizikia Mike Lockwood na Herbert Carlson walipendekeza mwaka 1992 kwamba kuungana kwa mistari ya sumaku upande wa mchana hakufanyiki kwa mtiririko mmoja bali kwa mapigo, mara nyingi yakiachana kwa dakika chache, na kwamba kila pigo husogeza mpaka wa mistari iliyo wazi (iliyoungana na uga wa upepo wa Jua) kuelekea ikweta, likapenya kwenye plazma nzito, kisha likavuta fungu lake kwenda nchani. Maelezo mengine yanatazama mkondo mwembamba wa plazma unaokwenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita moja kwa sekunde na kuukata ulimi katikati: msuguano kati ya ioni na hewa huongeza joto, ioni za oksijeni hugeuka kuwa ioni za oksidi ya nitriki, na hizi hukamata elektroni upesi, hivyo pengo huchimbwa kati ya vipande viwili. Yapo pia mabadiliko ya ghafla ya uga wa upepo wa Jua katika uelekeo wa mashariki na magharibi, ambayo huhamisha njia ya kuingilia kutoka upande wa asubuhi hadi wa alasiri au kinyume chake, ulimi ukabaki umekatika. Hatimaye, elektroni za nishati ndogo zinazomiminika kutoka juu karibu na adhuhuri ya kisumaku (saa ambayo mahali panaelekea Jua kwa kipimo cha ncha ya sumaku ya Dunia) zinaweza zenyewe kuzalisha plazma papo hapo, bila msaada wa mwanga wa Jua.

Binafsi sioni faida ya kuchagua moja kati ya sababu hizi kabla ya kuona data, kwani zinaweza kushirikiana hata katika tukio moja. Lenye faida ni kuhakikisha kwamba vipimo vitakavyokusanywa vinaweza kuzitenganisha. Rada ya EISCAT, shirika la kisayansi la kimataifa, iliyo karibu na Longyearbyen, mji mkuu wa Svalbard, ambayo imefanya kazi tangu mwaka 1996, hupima wingi wa elektroni, joto la elektroni na la ioni, na kasi ya plazma kwenye mwelekeo wa antena. Plazma iliyoletwa kutoka kwenye jua la latitudo za chini huwa na elektroni zenye joto la chini, ilhali ile iliyozalishwa na elektroni zinazomiminika huonyesha joto la juu; nayo mikondo ya kasi hujitambulisha kwa joto la ioni. Kwa hiyo anayeomba saa za rada aombe vipimo vyote hivyo, asiridhike na wingi wa elektroni peke yake.

Suala la saa linahitaji uangalifu wa pekee. Adhuhuri ya kisumaku juu ya Longyearbyen huangukia karibu saa 09:00 za UT (saa za ulimwengu), ambayo ni saa sita mchana kwa saa za Afrika Mashariki, na usiku wa manane wa kisumaku huwa karibu saa 21:00 za UT. Katika wiki zinazozunguka tarehe 21 Desemba, Jua huwa zaidi ya nyuzi 11 chini ya upeo wa macho hata adhuhuri, na ndiyo maana Svalbard ni miongoni mwa sehemu chache duniani ambako kamera inaweza kutazama gizani eneo la upande wa mchana ambako plazma huingilia nchani. Anayetaka kuona kuzaliwa kwa viraka apange kazi yake asubuhi, na anayetaka kuona vikitoka nchani kuingia kwenye ukanda wa aurora (mianga ya angani inayosababishwa na chembe zinazomiminika) apange jioni.

Kwa upande wa kamera, mwanga unaotafutwa ni mwekundu, wa nanomita 630.0, nao ni hafifu mno kwa jicho. Atomi ya oksijeni inayoutoa inaweza kukaa karibu sekunde 110 kabla ya kuangaza, na kiraka kinachosafiri mita 700 kwa sekunde huwa kimesogea kilomita 77 katika muda huo. Hivyo kingo zinazoonekana kwenye picha zisichukuliwe kuwa ndizo kingo halisi za plazma. Kichujio cha pili cha nanomita 557.7 ni cha lazima ili aurora isidhaniwe kuwa kiraka. Mwezi nao hauna huruma katika latitudo hiyo: unapokaribia kuwa mpevu wakati wa baridi, hukaa juu ya upeo kwa siku mfululizo bila kutua, kwa hiyo msimu upangwe kuzunguka mwezi mwandamo.

Data za upepo wa Jua hutoka kwenye vyombo vya anga vilivyo upande wa Jua, kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani, umbali ambao upepo wa kilomita 400 kwa sekunde huuvuka kwa takriban saa moja. Ucheleweshaji huo ujumlishwe na muda wa kuvuka ncha kabla ya kusema kwamba badiliko fulani ndilo lililokikata kiraka fulani.

Mtafiti aliyejifunzia kazi hii Afrika Mashariki ana jambo moja zaidi la kurekebisha. Karibu na ikweta tumezoea mapovu ya plazma, yaani mashimo yanayoibuka baada ya jua kutua, na programu zetu huandikwa kutafuta upungufu. Nchani kinachotafutwa ni ongezeko, kwa hiyo kizingiti na namna ya kukadiria kiwango cha kawaida vibadilishwe. Aidha, mawimbi ya setilaiti za urambazaji kwetu huyumba sana katika nguvu zake, ilhali nchani huyumba zaidi katika fazi (hatua ya wimbi katika mzunguko wake), na kipokezi kilichowekwa kuhifadhi kipimo cha nguvu peke yake kitaviacha viraka vingi vipite bila kuandikwa. Kipimo cha fazi kiwashwe na kijaribiwe nyumbani, kabla sanduku halijafungwa.